Gari la Wagonjwa la Mikuyuyu Laingia Mashindanoni

Festo Mughwai, mwenye banda la video pale Mikuyuyu, alikuwa na majigambo aliyokutolea hata kabla hujamaliza kumsalimia: hakuna gari lililowahi kukanyaga vumbi la Ikungi ambalo asingelitambua kwa mlio tu, akiwa amefumba macho, ameligeuzia mgongo, na ikibidi amelala. Watu walimwachia. Kila kijiji kina mwenye ng'ombe wengi na kina mwenye sauti ya kwaya. Mikuyuyu ilikuwa na Festo.

Jumamosi hiyo alasiri alikuwa anapanga mabenchi. Kiingilio kilikuwa yai moja la kuku wa kienyeji, na trei ilikaa mlangoni juu ya kigoda. Aliyeleta yai viza aliangalia amesimama. Nyuma ya banda, ukutani, mkewe Dina alikuwa amekaa kwenye mkeka akipepeta alizeti taratibu, kwa sababu tumbo lilikuwa limefika mwezi wake na ungo ulikuwa hauna pa kukaa tena.

Zamani mayai yale yalikuwa ya kuangalia mpira. Kisha siku moja, ligi ikiwa imefungwa, Festo alikosea rimoti, dishi likanasa mashindano ya magari ya huko Ulaya, na kabla hajabadilisha mzee mmoja wa nyuma akasema, "Acha hapo hapo. Hilo si gari la bwana mifugo?"

Lilikuwa aina ile ile kabisa, ila limepakwa rangi kama mnada na kubandikwa namba mlangoni. Nyuma yake lilikuja la aina ya mwalimu mkuu. Nyuma ya la mwalimu mkuu lilikuja lile ambalo paroko huwa analisukuma kila asubuhi ya baridi, na huko halikuwa linasukumwa. Lilimpita mwalimu mkuu kwenye kona, likamgonga kidogo ubavuni, kioo cha pembeni kikaruka, na hakuna aliyeshuka kudai apigiwe trafiki. Banda zima lilisimama. Tangu siku hiyo mpira ukapoteza wateja.

Yapo mashindano mengine ya magari yanayofanana na ndege iliyokatwa mabawa. Hayo Mikuyuyu waliyaangalia dakika chache wakayaona ya watu wasio na mizigo. Walichopenda ni magari ya watu: yenye milango minne, yenye buti, yenye taa zinazoweza kuvunjika. Walipenda pia kwamba yanazunguka mchana na usiku bila kuchoka, madereva wanapokezana usukani, gari halipumziki. Unaweza kutoka ukanyweshe ng'ombe, ukazike, ukahudhurie kikao cha harusi, ukarudi ukakuta bado yapo na wewe hujapitwa na kitu. Na kuna madaraja mengi ndani ya mbio moja, kwa hiyo mtu anaweza kuwa wa thelathini na bado ameshinda, jambo ambalo Mikuyuyu walilielewa mara moja na hawakuhitaji kufafanuliwa. Lakini walichokipenda kuliko vyote ni gari linalovunjika, likaingia kwa mafundi, likafungwa boneti kwa gundi ya karatasi, likarudi barabarani linatambaa. Hilo walilishangilia hadi kuku wakaacha kutaga.

Na walisema ni kilimo kile kile. Mikuyuyu hulima kwa zamu: leo shamba lako, kesho langu, na kila mtu hupewa mstari wake wa kupalilia. Sheria ni moja: mtu hatolewi mstarini. Hata kama nyumba yake inaungua, mjumbe husimama mwisho wa mstari akamngoja afike, ndipo amwambie, pole bwana, nyumba imeungua. Wazee wanasema mstari ukikatizwa katikati, magugu ya pale hayaishi mpaka mwenye shamba afe.

Basi Jumamosi hiyo bendera ilishuka, magari yakaondoka kwa kishindo, na kabla hata hayajakaa sawa Dina akaita kutoka nyuma ya ukuta.

"Baba nanii! Gari la wagonjwa limerudi?"

"Limerudi wapi?"

"Si ninalisikia? Mlango wa nyuma unavyogonga, kwa-kwa, kwa-kwa."

Festo akacheka, akawageukia wateja ili wacheke naye. "Hiyo ni Ulaya, mke wangu. Huo mlio ni wa injini ya silinda nne, ya petroli, imetolewa mafla. Pepeta alizeti."

Wateja walicheka. Kisha kamera ikageuka, na kwenye kona, kati ya gari la aina ya bwana mifugo na gari la aina ya paroko, likatokea Land Cruiser jeupe, refu, lile liitwalo mkonga kwa bomba lake la hewa, lenye msalaba mwekundu ubavuni, mlango wa nyuma unagonga, na maandishi mlangoni: MALI YA WANANCHI WA KATA YA MIKUYUYU. Juu ya maandishi walikuwa wamebandika namba arobaini na saba.

Festo alikohoa. Dina, huko nyuma, aliendelea kupepeta. Hakuwa mtu wa kumsimanga mume mbele za watu. Hilo alilifanyia nyumbani.

Gari lile kila mtu alilijua. Kila kaya ilitoa debe la alizeti ili linunuliwe, na siku lilipokuja watu walilipaka mafuta ya alizeti kwenye boneti kama mtoto mchanga. Lilikaa msimu mmoja. Kisha mtendaji wa kata, Bwana Manase, akatangaza kwamba limepelekwa gereji mbali huko linasubiri spea, na dereva wake Ahmadi ameondoka nalo. Misimu miwili ya vitunguu ilipita. Katika msimu wa pili baba yake Festo, Mzee Mughwai, aliugua kifua, akavalishwa kanzu safi, akakaa kitandani kulingoja, na akafariki akiwa ameshavaa viatu.

Bwana Manase alikuwepo bandani siku hiyo. Alikuwa kwenye benchi la mbele kwa sababu ya cheo, ingawa yai lake lilikuwa dogo. Watu wakamgeukia.

"Mtendaji," akasema Editha, mkunga wa kijiji, ambaye huwa hazungushi maneno. "Si ulisema liko matengenezo?"

Wakati huo huo gari likaingia kwa mafundi. Vijana waliovaa kofia ngumu wakalirukia, wakafungua tairi, wakafunga tairi, wakajaza mafuta, wakafuta kioo.

Bwana Manase akaonyesha skrini kwa kidole. "Na wale wanafanya nini? Wanacheza mdumange?"

Kweli lilikuwa linatengenezwa. Mtendaji alitulia, akala karanga zake.

Sheria za mashindano hayo zinasema gari liwe la kununuliwa dukani, lenye milango yake na taa zake. La Mikuyuyu lilikuwa na vyote hivyo, na kitanda cha ziada. Ahmadi alikuwa anapokezana usukani na Mjerumani mmoja mwenye ndevu nyekundu. Na kwenye kitanda kule nyuma, ameshika bomba la dripu ili asiyumbe kwenye kona, alikuwa amekaa Mzee Mughwai, na viatu vyake vile vile. Alionekana ana nafuu.

Kwa kuwa mahali pa mafundi kamera husogea karibu sana, waliongea. Ahmadi alivua kofia, akamwona mama yake, Swaumu, anayeuza chai na vitumbua mlangoni mwa banda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Chakula cha huku, mama, ni mkate tu na majani."

Swaumu akafunga vitumbua kwenye gazeti, akaviweka mbele ya televisheni, na Ahmadi akavichukua. Mjerumani akala kimoja, akafumba macho, kisha kwa kuiga tu akasema naye shikamoo. Swaumu akaitikia marahaba bila shida. Alikuwa amemzidi umri.

Festo alisogea mbele. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mzee Mughwai. "Vitunguu vimetokaje?"

"Vimetoka vizuri, baba. Bei ndiyo mbaya."

"Bei siku zote mbaya. Haya, tunaondoka." Na wakaondoka, kwa-kwa, kwa-kwa, wa tano katika daraja lao.

Usiku watu walikwenda kulala kama watu wenye akili. Jumapili baada ya ibada walirudi na mayai yao wakawakuta bado wanazunguka, wa pili katika daraja. La kwanza lilikuwa gari la kijani la watu wa nchi wasiyoijua, ambalo lilikuwa limeanza kutoa moshi mwembamba, moshi ule ambao kila mtu wa Mikuyuyu aliyewahi kupanda basi la zamani anaujua mwisho wake. Banda likajaa hadi watu wakakaa kwenye dari. Hata waliokuwa na yai viza walipewa benchi.

Ndipo Dina akaingia. Alikuwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja na kizingiti kwa mwingine.

"Baba nanii, safari imeanza."

Festo alimtazama. Mkewe alishapoteza ujauzito mmoja, miaka mitatu nyuma, kwenye bodaboda, katika ile njia ya makorongo kabla hujafika lami. Siku ile Festo aliapa mbele ya mama mkwe kwamba Dina hatazaa tena njiani kama mbuzi wa mnadani; ataenda kwa gari, amelala. Ndiyo maana lile debe lao la alizeti lilikuwa la kwanza kufika ofisini, limejaa mpaka na kichuguu juu. Na sasa gari lilikuwepo. Lilikuwa mbele ya macho yake, linakata kona.

"Linaingia kwa mafundi sasa hivi," Festo akamwambia. "Kaa hapa. Nitamwambia Ahmadi."

Dina akakaa kwenye ukingo wa benchi, watu wakampisha. Editha akaja na mfuko wake, akamshika tumbo, akasema bado kuna nafasi ila si ya kuchezea.

Gari likaingia. Ahmadi akashusha kioo.

"Ahmadi, mdogo wangu," Festo akasema. "Dina ameshikwa. Njoo utuchukue."

Ahmadi akamtazama Dina, akatazama mbele, akatazama saa. "Shemeji pole. Kaka Festo, mimi nakuja. Hili gari ni lenu, mkisema nigeuze nageuza. Lakini yule wa kijani anakufa. Akifa sisi wa kwanza. Mizunguko michache tu imebaki."

Bwana Manase akasimama, akarekebisha mkanda. "Ndugu wananchi, hili ni suala la kata. Nadhani tupige kura, ya mikono."

"Kura ya uzazi?" Editha akauliza.

"Kura ya gari."

Lakini kabla ya kura Mzee Mughwai akajisogeza kutoka kitandani, akapitisha kichwa kati ya viti vya mbele. Dina akapiga goti kadiri tumbo lilivyoruhusu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo umefika?"

"Umefika, baba."

"Vizuri sana. Sasa Festo, nikuulize, wewe si mtoto wangu wa kulima? Mtu akiwa mstarini anaitwa?"

"Haitwi, baba."

"Hata kama?"

"Hata kama, baba."

"Basi." Na mzee akarudi kitandani, akashika dripu. Uso wake ulikuwa mwangavu. Katika uhai wake hakuwahi kupanda gari lile hata kwenda sokoni, na mtu yeyote angeona kwamba alikuwa anafaidi.

Mikono ikainuka. Waliotaka gari limalize mstari walikuwa banda zima, na wale wa darini waliinua miguu. Waliotaka gari ligeuze liwahi uzazi walikuwa watatu: Swaumu, ambaye alitaka mwanawe ale nyumbani, Editha, na huyu anayesimulia. Festo hakuinua mkono upande wowote. Aliitazama skrini, akamtazama mkewe, akafungua mdomo.

"Maliza mstari," akasema. Ilitoka taratibu, kama mtu anayekabidhi ufunguo.

Ahmadi akafunga kioo. Banda likapiga kelele ya furaha. Dina alisimama mwenyewe. Hakukasirika kwa sauti. Alichukua tu kanga yake iliyoanguka, akaitingisha vumbi.

"Editha," akasema, "twende. Mkokoteni upo?"

Mkokoteni ulikuwepo, wa vitunguu, na ng'ombe wawili wa Festo. Festo mwenyewe ndiye aliyewafunga nira, akatandika magunia, akamwinua mkewe. Alitaka kusema kitu. Dina akamwekea kidole mdomoni.

"Swaga ng'ombe, baba nanii. Usiniambie wa ngapi."

Wakashika njia ya makorongo kuelekea hospitali. Festo alitembea mbele akiwashika pembe, akiongea nao kwa Kinyaturu kama watu wazima, akiwaomba wakanyage polepole kwenye mawe na haraka kwenye mchanga. Ng'ombe walifanya hivyo. Spika ya bandani ilisikika hadi mashambani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Festo alisikia gari akaomba lisisikike. Kila Dina alipoguna, Festo alisimama. Kila aliposimama Editha alimtukana aende.

Kwenye korongo la pili, pale pale pa miaka mitatu iliyopita, Editha akasema, "Simamisha. Hapa hapa." Festo akasimamisha. Akageuka kutazama mlima, kwa adabu, akalia bila sauti. Ng'ombe mmoja alimlamba shingo.

Mtoto akatoka salama, wa kike, na mapafu mazuri. Editha akapekua mfuko wake wote akitafuta kitenge cha kumfungia, hakukiona, akatukana tena, na Festo akavua shati. Mtoto akafungwa shati la baba yake. Dina alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetua mzigo. Wakati huo huo kule bandani ikalipuka shangwe, na Festo, ambaye hakuwa ameuliza, akajua kwamba la kijani limekufa.

"Sema basi," Dina akamwambia. "Najua umesikia."

"Wa kwanza," Festo akasema.

"Huyu naye wa kwanza," akasema Dina, akamkinga mtoto na jua.

Wote walikuwa wazima, kwa hiyo hawakuendelea hadi hospitali. Waligeuza mkokoteni wakarudi polepole, wakala vitunguu vibichi njiani na chumvi ya Editha. Bandani waliwakuta watu wanacheza. Kwenye skrini Ahmadi na Mjerumani walikuwa wamesimama juu ya ngazi na kati yao Mzee Mughwai ameinua kikombe. Daktari wa mashindano alikuwa ameshampima, kwa kawaida ya kule, akamkuta hana tatizo lolote isipokuwa amekufa. Walimwonyesha mzee mjukuu. Alimtazama sana, akasema ana masikio ya ukoo, akasema wamwite jina lolote watakalo, kisha picha ikakatika kwa matangazo ya sabuni.

Gari halikurudi. Ahmadi alituma salamu kwamba kuna mashindano mengine mwezi ujao, na baada ya hapo mengine. Bwana Manase aliitisha mkutano akaeleza kwamba, kama alivyosema tangu mwanzo, gari linafanya kazi vizuri, tena sana, na kwamba kila kaya ilete debe jingine la alizeti kwa ajili ya matairi ya mvua. Mvua yenyewe Mikuyuyu ilikuwa haijaonekana tangu Machi. Watu walileta. Wiki ile ile Kristina, dada wa mwalimu, alishikwa na uchungu akapelekwa kwa mkokoteni ule ule, na ng'ombe wale wale wakasimama wenyewe kwenye korongo la pili bila kuambiwa. Sasa hivi kuna kivuli wamejenga pale, na jiwe la kukalia mkunga. Kikombe kipo ofisini kwa mtendaji, juu ya kabati, na anayetaka anaruhusiwa kukishika.

Wikiendi za mashindano banda hujaa kama kawaida. Festo hukaa nyuma siku hizi, na binti yake mapajani, na gari likiingia kwa mafundi humwinua amsalimie babu. Mtu akimuuliza mlio wa gari fulani hujibu, "Muulize mama nanii."

Kisa hiki kimeshasimuliwa hivi hivi mara nyingi, na hakuna aliyelalamika. Jumatatu iliyopita kilikuwa kinasimuliwa kwa wageni wawili wa Unyambwa waliokuja kununua kuku, hapo kwa Swaumu, na wageni walikuwa wanatikisa vichwa vizuri tu. Kilipofika kwenye ile mikono mitatu, Editha, aliyekuwa kwenye benchi la pembeni na chai yake, akaweka kikombe chini.

"Mingapi?"

"Mitatu, mama Editha. Shikamoo, sikukuona."

"Marahaba. Mmoja wangu. Mmoja wa Swaumu. Wa tatu wa nani?"

"Wa mtu mmoja hivi, alikuwa kule nyuma."

"Nyuma nilikuwa mimi," Editha akasema. "Wewe ulikuwa mbele, juu ya benchi, unapiga kelele kuliko mtendaji. Mikono yako yote miwili ilikuwa inapeperusha bendera. Na ile bendera, kijana, ni kitenge nilichokitafuta korongoni nimfungie mtoto."